Jembe la Mpakani

Mashine ilipolia kwa mara ya kwanza katika kibanja cha marehemu Rwegoshora, mjane wake Kokuhirwa alipiga kigelegele. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu wanaokwenda shule, alisimama katikati ya migomba akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hakuna kilichomuuma kama hicho kigelegele.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Dastan wa Kaisho, kule Kyerwa, ambako Mackrine, binti yake Kokuhirwa, ameolewa. Ni ile ya kutafutia madini, fimbo ndefu yenye sahani chini na visikilizio vya kuvaa masikioni. Wenyewe wanaiita detekta. Dastan aliinunua akiwa na ndoto za dhahabu, dhahabu ikamkimbia, na sasa alikuwa anazunguka vijijini akitafuta vitu vya kale: sarafu za Mjerumani, bangili za shaba, mikuki ya enzi za wafalme. Wanunuzi wapo, alisema, na macho yakamng'aa alipokuwa anasema. Kokuhirwa hakuwa na haja na sarafu wala bangili. Alitaka jembe moja tu, na hilo jembe lenyewe hakutaka litolewe. Alitaka lionekane lilipo.

Huko upande wa Ihembe, anakoishi Kokuhirwa, mpaka wa kibanja hauwekwi kwa zege. Unapandwa mramura, mti mwembamba wenye majani marefu, mbishi kufa, na mtu akiuona anajua kwamba hapa ndipo pa mwenzake panapoanzia. Baba mkwe wake Kokuhirwa alipowagawia wanawe wawili kibanja, juu Rwegoshora na chini Rugemalira mdogo wake, alipanda miramura mstari mzima. Lakini mzee yule alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, miti pia hakuiamini. Chini ya mramura wa katikati akafukia jembe la zamani, lile lenye mkia, lililofuliwa na wahunzi wa Kinyambo kabla majembe ya dukani hayajafika. Kwanza akaukunja mkia wake kwa nyundo, ili hata mwizi akilifukua asipate cha kulimia. Siku ambayo wanangu watagombana, alisema, chimbeni hapa.

Waliokuwepo siku hiyo walikwisha kufa wote, Rwegoshora akiwa wa mwisho. Rugemalira alikuwepo nyumbani lakini, kwa kauli yake, wakati jembe linafukiwa yeye alikuwa ametumwa maji mtoni. "Jembe nalijua, nimelishika kwa mikono yangu," alikuwa akisema. "Mahali ndiyo sipajui." Ni mtu mpole Rugemalira, msharika wa Kilutheri, sauti yake nzuri kwaya nzima inamtegemea. Mtu wa namna hiyo akikudhulumu hata majirani wanakuona wewe ndiye mkorofi.

Miramura ya mzee ilikwenda na mnyauko. Ugonjwa ule ulipoingia kwenye migomba, amri ilitoka kwamba kila mgomba ulioguswa ung'olewe na kuchomwa. Vijana waliokuja kung'oa waling'oa kila kilichosimama, mgomba, mti wa mpaka, hata mihogo. Rwegoshora wakati huo alikuwa kitandani, hawezi kuinua hata kikombe cha uji. Alikufa masika hayajaisha, akazikwa kibanjani mwake, upande wa chini, mahali alipopachagua mwenyewe. Pembeni yake pakaachwa nafasi ya mkewe. Kokuhirwa alikuwa akiipalilia nafasi ile mwenyewe, bila huzuni yoyote, namna mtu anavyotandika kitanda chake.

Msiba haujapoa, Rugemalira akapanda miramura mipya. Mti ule ukichomeka kijiti, wiki chache tu kimeshika. Aliichomeka upande wa mlimani, akalipita kaburi la kaka yake, akaipita ile nafasi ya pembeni, akaipita migomba michache iliyoponea mnyauko. Asubuhi Kokuhirwa alipotoka na beseni lake la maji aliona vijiti vimejipanga katikati ya kibanja chake, kaburi la mumewe liko kwa jirani.

"Shemeji, hapa ndipo palipokuwa," Rugemalira alimwambia, kwa upole wake ule. "Kaka alikuwa mgonjwa, hukumwelewa vizuri. Lakini kaburi ni letu sote. Utakuja kupalilia wakati wowote, nani atakukataza?"

"Na nikifa?"

"Aa, shemeji, mambo ya kufa tena yametoka wapi?"

Kokuhirwa alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bainomugisha, mtu mwenye tumbo kubwa na haraka ndogo. Baraza likakaa. Rugemalira akasema yake, Kokuhirwa akasema yake, na kwa kuwa wote wawili walilitaja jembe, Bainomugisha aliona hapo ndipo pa kushika.

"Mama, jembe hilo likionekana, kesi imekwisha," alisema. "Lakini sikia vizuri. Lionekane likiwa ardhini, mbele ya baraza. Mkilitoa wenyewe mkaja nalo mkononi, sisi tutajuaje limetoka wapi? Onyesheni mahali. Kuchimba ni kazi yetu."

Ndipo Mackrine alipomkumbuka Dastan. Wakapatana kwamba Dastan apite Alhamisi, aweke vijiti kila mashine itakapolia, na Jumamosi baraza lije lichimbe kwenye vijiti. Dastan naye alikubali haraka haraka, akasema hiyo ni kazi ya saa moja tu.

Alhamisi hiyo ikafika. Dastan akavaa visikilizio vyake, akaanza kutembea polepole akipepea sahani huku na huku juu ya majani makavu, na Kokuhirwa nyuma yake ameshika vijiti vya mbuni mkononi. Rugemalira alikuwa upande wake, anapogoa kahawa, anapogoa tawi moja kwa muda mrefu sana. Mara mashine ikalia, twiii, sauti nyembamba iliyosikika hata nje ya visikilizio, na hapo ndipo kigelegele kilipotoka.

"Weka kijiti, mwanangu," Kokuhirwa alisema.

Dastan alikuwa amechuchumaa. "Mama, hii sauti si ya jembe. Chuma kinalia kizito. Hii inaweza kuwa kisoda cha soda. Sasa utawaita wazee wa baraza waje kuchimba kisoda?"

Kokuhirwa aliliona baraza zima limeinama juu ya kisoda, na Rugemalira anatabasamu kwa upole. Aibu ile aliiona kabisa, kabla haijatokea.

"Basi angalia kidogo," alisema. "Kidogo tu."

Neno hilo alilisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Hakusukumwa na mtu.

Dastan alifukua kwa kisu. Kikatoka kitu cha duara, cheusi kwa udongo. Alikisugua kwenye suruali, akakitemea mate, akakisugua tena, akakiinua juani. Ilikuwa rupia ya fedha ya Mjerumani, yenye sura ya mtu mwenye masharubu aliyevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia kuna ndege.

"Mungu wangu," Dastan alisema. "Mama, unajua umekaa juu ya nini?"

Rugemalira alikuwa ameshafika. Alilidondosha shoka lake la kupogolea huko kwenye kahawa, akaja akaishika ile sarafu, akaigeuza na kuigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, yeye na shemeji yake walisimama karibu karibu bila kuvutana maneno. "Tata, baba yetu, alikuwa akisema," alinong'ona. "Alikuwa akisema Wajerumani walipokimbia walipitia huku na masanduku."

Kila familia ya Karagwe inaye babu aliyeyaona masanduku hayo. Babu huyo hakosi kuwa mtoto wakati huo, akichunga ng'ombe, amejificha kichakani. Hakuna sanduku hata moja lililowahi kupatikana, jambo ambalo kwa watu wenye akili zao lingetosha, lakini kwa wengi ni ushahidi kwamba bado yapo.

"Dastan, jembe," Kokuhirwa alisema. "Tumekuja kwa jembe."

"Ndiyo, mama. Jembe," Dastan alisema, bila kuinua macho.

Jioni habari ilikuwa imefika mpaka kijiji cha Chonyonyo. Asubuhi ya Ijumaa Kokuhirwa aliamshwa na sauti za majembe, akadhani anaota kwamba ni msimu wa kulima maharage. Alipofungua mlango alikuta watu wamejaa kibanjani, wanaume kwa wanawake, wenye majembe, wenye sururu, mmoja ana kijiko kikubwa cha kupikia. Dastan alikuwa katikati yao na mashine yake, kila anapopita wanamfuata kundi zima, mashine ikilia wanaruka pale pale na kuchimba kabla hajanyanyua mguu.

"Tokeni!" Kokuhirwa alipiga kelele. "Tokeni kwenye kibanja changu! Nani amewaruhusu?"

"Nimewaruhusu mimi, shemeji," alisema Rugemalira. Alikuwa ndani ya shimo, udongo umemfika magotini, amevaa shati lake zuri la kanisani kwa sababu alikuwa hajapata muda wa kubadilisha tangu mazoezi ya kwaya. "Hapa bado pana kesi. Si kwako, si kwangu. Huwezi kumkataza mtu mahali ambapo baraza halijasema ni pako."

Kilichomtia Kokuhirwa wazimu ni kwamba maneno yale yalikuwa na mantiki. Akakimbia kwa mwenyekiti, akaambiwa amekwenda kwenye kikao cha wakulima wa kahawa, atarudi mchana. Akaacha ujumbe. Akarudi mbio akihema, na alipofika alikuta kundi limezunguka kaburi la mumewe.

Mashine ilikuwa inalia pale kwenye kaburi kuliko mahali pengine popote. Ililia bila kukoma. Watu walikuwa wanatazamana, na mmoja, kijana asiyemfahamu, aliyevaa kofia ya sufu juani, alikuwa ameshainua mtaimbo.

"Ni nondo hizo!" Kokuhirwa alipasua sauti. "Ni nondo za zege! Mmechanganyikiwa? Mtu amezikwa hapo!"

"Nondo hazilii hivyo," alisema mwenye kofia, ambaye mashine hiyo alikuwa ameiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kokuhirwa alipita katikati yao, akapanda juu ya kaburi, akaketi. Akatandaza kanga, akanyoosha miguu, akashika msalaba kwa mkono mmoja. "Chimbeni sasa," alisema. "Anzeni na mimi."

Watu wakacheka, wengine wakaona haya, mwenye kofia akashusha mtaimbo. Wakaondoka wakaenda kuchimba kwingine. Lakini hawakwenda mbali, na kila alipojaribu kuinuka aliwaona wanageuza shingo. Alipotaka kwenda kumsihi Dastan, yule mwenye kofia alisogea. Akarudi akaketi. Akataka angalau asimame juu ya kaburi ili aone upande wa pili, kule ulikokuwa mstari wa miramura ya zamani, lakini migomba ilikuwa inaziba na watu walikuwa wengi mno. Alisikia tu. Mashine inalia, watu wanapiga mayowe, majembe yanashuka, kisha sauti ya kitu kinachotupwa juu ya vyuma vingine, kama kengele. Kila sauti ile ya kutupwa ilimgonga moyoni.

"Dastan!" aliita. "Mwanangu, mnatupa nini huko? Kama ni chuma msitoe! Kama ni chuma kiacheni!"

Dastan hakusikia. Alikuwa na visikilizio masikioni.

Alimwita Rugemalira pia. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, namna anavyoitwa kwa heshima, alimwita shemeji, mwisho alimwita kwa jina lake tupu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aolewe. Rugemalira alijibu kutoka shimoni, "Nakuja, nakuja," na hakuja.

Mchana Bainomugisha alifika na pikipiki. Kokuhirwa alimwona kwa mbali anashuka, anapandisha suruali, anapaza sauti: "Acheni! Acheni mara moja! Hii ni nini?" Majembe yakanyamaza. Kokuhirwa alishusha pumzi, machozi yakamtoka, akaanza kutafuta kandambili zake. Ndipo mtu mmoja katika lile shimo la karibu na mparachichi akainua mkono, na mkononi mwake kuna sarafu ya pili, ya shaba, moja ya zile heller za Mjerumani zilizotuachia neno hela. Mwenyekiti akasogea kuangalia. Akaomba aishike. Akauliza imetoka kina gani. Baada ya muda Kokuhirwa aliona mgongo wake tu, mpana, umeinama, na majembe yakaanza tena, kwanza moja, halafu yote.

Alikaa juu ya kaburi mpaka jua likazama na watu wakachoka. Hakula, hakunywa. Ilipatikana sarafu ya tatu, na baada ya hapo hapakupatikana kitu. Hakukuwa na sanduku. Mjerumani mmoja, au mtu wa kawaida tu aliyelipwa na Mjerumani, alitobokewa mfuko miaka hiyo, basi. Watu waliondoka wanalaumiana, na Dastan aliondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi baraza likaja kama lilivyopanga. Wazee walisimama pembeni wakitafuta pa kukanyaga. Kibanja kilikuwa mashimo matupu, migomba imelala, mibuni mizizi juu. Mackrine alikuwa amefika kutoka Kaisho kwa gari la kwanza, amemkamata Dastan kituoni akamleta, na Dastan alikuwa amesimama na mashine yake begani, kichwa chini.

Chini ya mparachichi palikuwa na lundo la vyuma vilivyotupwa. Kokuhirwa alipiga magoti mbele yake akaanza kuvitoa kimoja kimoja. Kengele ya baiskeli. Mifuniko ya sufuria. Kufuli lisilo na ufunguo. Mbavu za mwavuli, maganda ya risasi, betri za redio, makopo. Kisha mkono wake ukagusa kitu kizito, kipana, chenye ncha iliyochongoka. Alikivuta. Mkia wake ulikuwa umekunjwa.

Hakupiga kigelegele. Alikaa chini kwenye udongo akalipakata.

"Ndilo," alisema Rugemalira. Alikuja akachuchumaa mbele ya shemeji yake, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa ule mkia, na machozi yakamtiririka, ya kweli kabisa, hakuna aliyeweza kusema anaigiza. "Ndilo, wazee. Hili ndilo jembe la tata. Niliona anavyoligonga."

Wazee wakaguna. Bainomugisha akakohoa. Alikuwa na haya, ilionekana, alikuwa hataki kumtazama Kokuhirwa usoni.

"Haya. Nani alilitoa?"

Watu walitazamana.

"Nauliza, nani alilitoa, na kwenye shimo lipi?"

Mwanamke mmoja alisema huenda ni yeye, alitoa kitu cha namna hiyo kule kwenye mibuni. Mwanamume mmoja akasema hapana, alimwona mtu analirusha kutoka karibu na kaburi, upande wa chini. Mwingine akasema upande wa juu. Yule mwenye kofia ya sufu hakuwepo, na hakuna aliyejua alitoka wapi. Mackrine alimgeukia Dastan.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mashine. Lilipolia ulikuwa wapi?"

"Dada, nilikuwa natafuta sauti ya fedha," Dastan alisema. "Chuma kikilia tunakipita. Watu wenyewe walikuwa wanakitoa na kukitupa. Ililia kila mahali. Mama, nisamehe."

Kokuhirwa alinyanyuka na jembe mikononi. Alikwenda akasimama mahali, chini kidogo ya kaburi. "Lilikuwa hapa," alisema. "Mramura mnene ulikuwa hapa. Nimeupita miaka yote nikienda kuchota maji. Wazee, mnanijua. Nimewahi kuwadanganya?"

Mbele ya miguu yake palikuwa na shimo. Nyuma yake palikuwa na jingine, na kushoto, na kulia.

"Hatusemi unadanganya, mama," alisema Bainomugisha kwa sauti ya chini. "Lakini nilikwambia. Likiwa mkononi ni jembe tu."

Baraza lilijitenga kando, likarudi. Uamuzi wenyewe haukuwa na ukali wowote, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kuupinga. Alama ya zamani imepotea, walisema, na imepotea kwa kosa la watu wengi. Hakuna wa kuonyesha ilipokuwa. Kilichopo ni miramura inayoonekana, imeshika na ina majani. Basi mpaka uwe huo, watu waishi kwa amani. Rugemalira asimzuie mjane kufika kaburini.

"Sitamzuia kamwe," alisema Rugemalira. "Ni mama yetu huyu."

"Na mimi mtanizika wapi?" Kokuhirwa aliuliza. "Nasema na nyinyi, wazee. Nafasi yangu iko pale, nimeipalilia mwenyewe. Mtanizika wapi mimi?"

Wazee wakaangalia chini. Mmoja akasema Mungu ampe umri mrefu. Mwingine akasema hayo yatazungumzwa kifamilia wakati ukifika, na wote wakatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa wakati ukifika yeye hatakuwepo kwenye mazungumzo.

Halafu Rugemalira akanyoosha mikono yote miwili.

"Shemeji, naomba jembe la tata."

Kokuhirwa hakuelewa. Alilishika zaidi.

"Ni chuma cha baba," Rugemalira aliwaambia wazee. "Kaka hayupo. Mwana aliyebaki ni mimi." Na hapo hakuna aliyehitaji kwenda pembeni kujadiliana, kwa sababu hilo kila mtu analijua: mkuki wa baba, kigoda cha baba, jembe la baba, vinakwenda kwa mwana. Bainomugisha alimtazama Kokuhirwa kwa huruma akasema, "Mpe, mama." Mackrine alianza kufoka, mzee mmoja akamwambia binti aliyeolewa Kaisho asijibu mambo ya Ihembe. Rugemalira aliendelea kungoja, mikono imenyooshwa, macho bado mekundu kwa kulia. Kokuhirwa aliona kwamba atangoja hivyo hivyo mpaka jioni, kwa upole. Akampa.

Rugemalira alilibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mramura wake wa katikati. Akachimba mwenyewe, chini ya mizizi, shimo la kina kizuri. "Nataka tumalize kama tata alivyotaka," alisema. "Wazee mwone kwa macho. Siku ambayo watoto wetu watagombana, wachimbe hapa." Akalilaza jembe ndani, akalifukia, akashindilia udongo kwa miguu. Wazee walifurahi sana. Walikuwa na uso wa watu waliotolewa mzigo kichwani, na mmoja wao akasema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, mtu kufuata ya wazazi wake. Mke wa Rugemalira akaja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, wakanywa pale pale mpakani, kila shahidi funda lake.

"Dastan," Rugemalira aliita, "hebu pitisha mashine tuhakikishe."

Dastan alimtazama Kokuhirwa, kisha akafanya alichoambiwa. Akapepea sahani juu ya udongo mbichi, na mashine ikalia, sauti nzito, nene, ya chuma. Wazee walipiga makofi. Bainomugisha aliomba aisikie tena, na Dastan akaipitisha tena.

Kokuhirwa alikuwa amesimama upande wa juu, upande wake. Sauti yenyewe aliijua. Ndiyo aliyokuwa anaingojea Alhamisi yote, na vijiti mkononi.

Mackrine alikuja akamshika kiwiko. "Mama, hatuishii hapa. Jumatatu tunakwenda kata. Kata wakikataa tunakwenda wilayani."

"Kata wataniuliza jembe liko wapi," alisema Kokuhirwa.

"Utawaambia lilipokuwa."

"Watakuja na mashine, mwanangu." Aliinua kidevu kuelekea kule wazee walikokuwa wanapokezana kibuyu. "Itawaambia liko pale. Na wakichimba watalikuta."